Wembe wa Kumnyoa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa! Mideva ameniambia baba yake anakuja Jumapili kutoka Kakamega, kumwona kijana anayetaka kumwoa bintiye. Kijana ni mimi. Hilo si balaa. Balaa ni kwamba Mzee Shivachi alikuwa kinyozi sokoni kwao maisha yake yote, kinyozi wa wembe wa kukunja. Na mimi, ili nipendwe, nilimtumia salamu kwamba hata mimi sigusi mashine ya umeme. Kwamba nanoa wembe wangu kwenye jiwe kama wazee. Mzee amefurahi hadi amekataa kunyolewa na mtu mwingine. Anafuga ndevu. Anakuja nazo, nimnyoe mimi!

Kibanda changu cha kinyozi hapa Laini Saba kina mashine mbili, kioo, na picha za vichwa vya watu ukutani. Wembe wa kukunja sina. Jiwe sina. Lakini akili ninazo.

Jumanne, 5 Agosti

Wembe nimeupata kwa muuza vyuma vikuukuu. Una kutu kidogo. Haukati hata ugali.

Jiwe la nini kutafuta mbali? Reli imejaa mawe ya bure. Nikachagua moja lenye mafuta mafuta, nikidhani litateleza vizuri. Nikanoa kwa nguvu zote. Sasa wembe una meno. Joan, muuza chapati wa mlango wa pili, ameniuliza kama siku hizi natengeneza misumeno. Mwanamke huyu ana mdomo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Kawangware kupeleleza. Huko yuko Jeconia Amolo, Mjaluo mwenye kifua na maneno, anayenyoa kwa wembe wa kukunja na kujisifu kuliko redio. Nikaketi kama mteja. Nikajitambulisha pia, adabu ni adabu: Khamala wa Laini Saba, kando ya reli.

Jamani, huyo mtu ananoa! Alilowesha jiwe, akalaza wembe bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, akausukuma makali yakitangulia. Akaugeuza, akaurudisha. Polepole, bila kukandamiza. Kisha kwenye mkanda wa ngozi akafanya kinyume: mgongo mbele, makali nyuma. Akaupitisha juu ya mkono wake, vinywele vikaanguka vyenyewe. Kidevu changu sasa ni laini kama yai. Wivu ulinishika.

Akaniambia jiwe lile ni la mto wa kwao, alirithi kwa babu yake. Halafu akasema, "Lakini omera, ndugu yangu, siri si jiwe. Ni mkono." Eti niwe nakuja kila jioni kwa miezi michache, atanifundisha bure. Miezi! Mzee anakuja Jumapili. Tena hakuna fundi anayetoa siri yake hivi hivi. Akisema siri si jiwe, basi siri ni jiwe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelipata!

Jeconia alikuwa amekwenda kula. Nyuma ya kibanda chake, kando ya beseni, mawe mawili yalikuwa yameanikwa juani. Moja jembamba, la kijivu, halina sura. La pili jeusi, nene, lenye vitundu vingi, jiwe la heshima. Mtu mwenye jicho hahitaji kuambiwa. Nikalitia lile jeusi ndani ya koti, na mahali pake nikaacha jiwe langu la reli ili pengo lisionekane. Nimefikiria kila kitu. Wala si wizi, ni kuazima kimyakimya.

Jumamosi, 9 Agosti

Tangu jana nanoa. Jiwe linalia kama mashine ya kusaga mahindi. Lina harufu fulani nisiyoielewa. Nadhani ni ya mto.

Mkanda wa ngozi nimetumia wa suruali yangu. Nilikumbuka kuna kitu hutangulia na kingine hufuata. Nikatanguliza makali. Mkanda umekuwa mikanda miwili, mifupi. Nimekwenda kuchota maji nikiwa nimeshika suruali. Lakini angalau wembe unakata!

Nikaujaribu mkononi kama Jeconia. Vinywele havikuanguka. Iliyoanguka ni ngozi. Joan akauliza paka huyo nilipigana naye wapi.

Jioni Mideva amepita. Akasema, "Khamala, usiniangushe kesho. Baba akikukataa, mimi siwezi kupingana naye." Nampenda huyu msichana kupita kiasi. Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Nikamwambia wembe uko tayari.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mzee Shivachi amefika baada ya kanisa, ndevu zimefika kifuani. Akaketi. Mideva akasimama mlangoni na gauni lake la kanisani, anatabasamu kwa fahari. Nikapaka sabuni. Nikapaka tena. Nikapaka hadi Mzee akauliza kama ninamnyoa au ninamfulia. Ikabidi niinue wembe. Mzee akauchukua, akaujaribu kwenye ukucha. Akaomba jiwe. Akaligeuza. Akalinusa. Akasema kwa upole, "Kijana, hili ni jiwe la kusugua miguu."

Kabla sijapata uongo mwingine, mlango ukajaa Jeconia. Nyuma yake mkewe, Marion, anachechemea, kisigino kimefungwa kitambaa. Jana alipokuwa anaoga alinyoosha mkono kuchukua jiwe lake, akajisugua na jiwe la reli! Jeconia akasema hakuhitaji polisi. Ni nani atakayebeba jiwe lenye mafuta ya treni hadi Kawangware, kama si Khamala wa Laini Saba, kando ya reli?

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba Marion msamaha. Akanijibu kwamba pole haiponyi kisigino, akanyakua jiwe lake. Ndipo Mzee akaanza kucheka, povu linaruka. Jeconia akacheka. Hata Marion akacheka. Joan alikuja kutoka mlango wa pili akacheka kuliko wenye haki ya kucheka. Mideva peke yake hakucheka.

Jeconia akatoa wembe wake, akamnyoa Mzee kwenye kiti changu. Wakazungumza mawe tu, ya mto huu na ya mto ule, kama ndugu waliopotezana. Walipomaliza, Mzee akapapasa kidevu, akatoa hukumu. Habari ya mahari isitajwe mpaka nijifunze kwa Jeconia na nimnyoe bila damu. Hakunikataa! Akasema amewanyoa waongo wengi, lakini hajaona aliyefanya bidii kama mimi.

Mideva akanivuta sikio hadi nje. Akasema uongo mmoja tu mwingine, hata mdogo, nimsahau. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Ndipo akanifunga mkono wenye jeraha kwa leso yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mimi ni mtu mpya. Masomo yanaanza leo jioni.

Asubuhi nilimsindikiza Mzee kwenda kupanda basi. Njiani, maongezi tu, akanieleza wanavyopiganisha mafahali kwao siku za Jumamosi, na kwamba fahali wa ndugu yake ndiye bingwa. Akauliza kama kwetu kuna fahali. Sikudanganya. Nilisema tu kwamba hakuna fahali wetu aliyewahi kushindwa. Ni kweli. Hatujawahi kuwa na fahali, angeshindwaje? Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema nimlete fahali huyo Jumamosi, watu wote wa kijiji chao watakuja. Mideva naye atakuwepo.

Kwa Jeconia sijaenda. Nimeshinda Riruta Satellite, kwa mama mmoja anayeuza maziwa. Amekubali kuniazima ng'ombe wake. Mwili mkubwa, pembe nzuri, nikimpaka masizi usoni atatisha. Shida ni kiwele. Lakini nikimvalisha blanketi, nani atainama kuchungulia?