Bi Pindo na Cherehani Yangu Inayoruka

Jumatatu, 3 Machi

Kundi letu la mafundi cherehani la kwenye simu lina watu mia mbili na kumi. Mimi ni wa nne kujiunga. Wa nne! Leo Muuza Vitambaa, aliyelianzisha na ndiye msimamizi, katangaza kwamba Ijumaa atachagua msaidizi wake. Nani mwingine kama si mimi?

Kisha Bi Pindo akatuma picha ya gauni alilolikata fupi. Akaandika kwamba kosa ni lake, akaeleza alivyolirekebisha. Watu themanini wakamsifu. Mimi miaka miwili nalalamika humo kwamba cherehani yangu inaruka mshono mmoja kila baada ya mitano, nimeambulia jibu moja tu: badilisha sindano. Sikubadilisha. Siamrishwi.

Sina wivu. Naumia tu.

Jumanne, 4 Machi

Wameanza kumwiga. Fundi Suruali, bingwa wa matusi, aliyewahi kumwita mwenzake mshona magunia, leo kaonyesha mfuko alioushona ukazibika mdomo. Kaomba na radhi kwa maneno yake ya zamani. Kundi lilikuwa na utamu wake: unafungua simu asubuhi, unakuta watu wawili wameshavuana nguo. Sasa wanajuliana hali.

Hata nyumbani. Nimesema chumvi imezidi, mke wangu kajibu kwamba Bi Pindo angeuliza kwanza kama mpishi amechoka. Kumbe anasoma simu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Dawa imepatikana. Simu ya zamani ya mama mkwe imo kwenye droo ya nyuzi, na laini yake bado iko hai. Nimejiunga nayo kwa jina la Fundi Mpya. Fundi Mpya atamchafua Bi Pindo, mimi nitaingia na upole wangu kumtetea, watu waseme hekima ndiyo hii.

Nilihitaji shati lililoshonwa vibaya. Dukani hapakuwa na la fundi mwingine, nikatumia nililolishona mwenyewe. Nikapiga picha kwapani, nikaandika kwamba hii ndiyo kazi ya huyo malkia wenu. Nikashika simu yangu, nikaandika: jamani, tuheshimiane. Nikangoja sifa.

Baada ya nusu saa Fundi Suruali akauliza, tena kwa adabu, kama wenzake nao wanaona mshono unaruka kila baada ya mitano.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi simu ililia ndani ya droo. Mke wangu akaipokea. Alikuwa Muuza Vitambaa, anauliza Fundi Mpya ni nani. Mke wangu, mkweli mpaka basi, kasema simu ni ya mama yake ila anayeishika ni mumewe.

Nimefungiwa siku saba. Nasoma, siandiki. Mke wangu hanisemeshi. Mama mkwe naye kaambiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Pindo kaniombea. Kasema hakuna fundi asiye na kwapa lililomshinda. Siku saba zimekuwa tatu. Halafu kachukua picha yangu, bila kunitaja, kaeleza hatua kwa hatua namna ya kulirekebisha. Watu mia na ishirini wamemsifu. Kwapa langu, sifa zake! Kapewa na usaidizi.

Jioni katuma pakiti ya sindano. Mke wangu kafunga moja kwenye cherehani. Nikajaribu kitambaa. Mshono ukanyooka wote, haukuruka hata mmoja. Nikaona haya, kweli. Nilikaa nikiutazama hadi chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari na nimebadilika. Siri nimeielewa: watu humpenda anayekosea akakiri. Basi nitakosea kumshinda.

Mezani kuna suti ya harusi ya kesho. Nimekata mguu mmoja wa suruali, shibiri nzima. Nikarudisha ile sindano ya zamani, nikapinda upya, ili kosa liwe langu hasa. Picha tayari. Maneno ya kukiri tayari, yananiliza mwenyewe. Kesho asubuhi nafunguliwa, natuma.

Na Muuza Vitambaa hataacha kuiona. Bwana harusi ni mwanawe.