Mke wa Ziada wa Kibosho

Jamani, Moshi tumeendelea! Tumepata Kamati ya Kudhibiti Wake wa Ziada, yenye meza mbili, muhuri mmoja na mwenyekiti wake, Mheshimiwa Elimringi.

Wa kwanza kunaswa ni Antoni, mkulima wa kahawa wa Kibosho. Kosa lake: ndoa mbili. Moja ya kimila, ya pombe ya mbege na mbuzi, mwaka 2012. Nyingine mwaka jana, padri alipowabariki.

Mkewe, Zita, akateremka mjini mbio kumtetea.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ile ya mbege niliolewa mimi. Ya kanisani, mimi pia."

"Marahaba. Kamati haihesabu sura, mama. Inahesabu ndoa. Sheria inasema ndoa ya Kikristo ni mke mmoja. Dini, vilevile. Ninyi mko wawili."

"Mimi na nani?"

"Usiichanganye kamati! Antoni anamwacha wa mbege."

Zita akahesabu kwa vidole. Watoto wake watatu wote ni wa Zita wa mbege. Zita wa kanisani hajazaa hata mmoja. Akifukuzwa wa mbege, wanafukuzwa wote wanne.

"Na sisi tukakae wapi?"

Elimringi akafunua kabrasha. "Kanuni ya saba: mke wa ziada atatunzwa na mwenyekiti hadi shauri liishe." Akamwandikia Zita barua ya kwenda nayo nyumbani kwake, akasaini, akagonga muhuri, pwaa!

Zita hata hakubisha. Saa nane mchana yuko Njoro, mlangoni kwa mwenyekiti, na watoto, na mafurushi, na mkungu wa ndizi. Akafungua mke wa Elimringi, Mama Eliudi.

"Shikamoo mama. Mimi ni mke wa ziada. Nimeletwa na mumeo."

Mama Eliudi akasoma barua. Akaangalia saini. Akawaangalia watoto, mmoja mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Ingieni, chai ipo."

Elimringi aliporudi kutoka kazini alikuta sanduku lake barazani.

"Mama Eliudi! Haya ni mambo ya kiofisi!"

"Najua, baba. Wanawake wawili, nyumba moja, muhuri wako. Nikaona kamati isije ikakunasa bure. Tumejadiliana na mwenzangu, tukaona hapa wake wanatosha. Aliyezidi ni mume."

Majirani walishajaa uani. Mheshimiwa akapiga magoti, akaifuta kanuni ya saba palepale juu ya sanduku.

"Na ya kwanza mpaka ya sita," Zita akasema dirishani, akipuliza chai. "Andika taratibu tu, Mheshimiwa. Hatuna haraka."