Pampu, Zulia na Samaki Anayeitwa Shantel

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: samaki wangu anaitwa Shantel. Nilimpa jina la Shantel mwenyewe, yule wa kwaya ya vijana, anayependa vitabu kama mimi, ambaye sijawahi kumwambia neno zaidi ya "habari". Samaki hacheki. Kila asubuhi namsalimu kwa jina. Najizoeza.

Shida ni maji. Leo nikiyabadilisha kwa jagi nimemwagia zulia jipya. Mama ametoa hukumu: tone jingine moja tu na ngege huyo anaingia kwenye mafuta moto. Senje Awinja, shangazi yetu tunayeishi naye hapa Shieywe, akaunga mkono upesi mno. Akampima samaki kwa kiganja juu ya kioo. Akasema na obusuma, ugali wetu, atatosha watu wawili.

Lakini nina mpango!

Jumatano, 6 Agosti

Nimesoma kitabu chote cha maktaba. Samaki wa watu wa maana hawabadilishiwi maji kwa jagi! Maji yanafurika juu ya tangi, yanashuka kwa bomba hadi tangi la pili chini ya meza, yanachujwa, kisha pampu inayarudisha juu kwa bomba jingine. Mzunguko! Kama damu!

Tangi la chini: beseni la bluu la Mama la kufulia. Pampu: ya chemchemi ya mapambo ambayo Mjomba Phanuel aliichoka. Kichujio: kitambaa cha kochi, kile cha kufuma. Vipo vingi. Hatajua.

Kitabu kinashauri kutoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, karibu na uso wa maji, ili stima ikipotea bomba livute hewa badala ya kuyavuta maji ya juu kuja chini. Nimelifikiria tundu hilo kwa makini. Litarusha maji na kulia kama mtu anayekojoa. Na kikundi cha akina mama kinakuja kusali hapa Jumamosi! Haiwezekani. Bomba nimelizamisha hadi chini kabisa ndani ya tangi la juu, penye ukimya.

Ijumaa, 8 Agosti

Inafanya kazi! Kiungo kimoja kilivuja, nikaongeza gundi, shwari. Mama aliangalia maji yakizunguka, hakusema kitu. Kwa Mama, hiyo ni medali.

Eugene wa nyumba ya pili alikuja kuchungulia. Huyu humwambia Shantel "sasa" bila kutetemeka hata kidogo. Akauliza stima ikipotea itakuwaje. Nikamuuliza anafikiri tuko mwaka gani. Akacheka, akaniita Injinia, akasema ni sawa tu, tutaona.

Wivu!

Jumamosi, 9 Agosti

Ee Mungu.

Wageni waliacha viatu mlangoni, wakaingia na soksi. Mama Shantel alikuja na Shantel. Shantel akasema tangi linapendeza. Nikajibu, "Amina."

Ingokho, kuku wa wageni, akaliwa, akaisha. Ikaja sala ya kufunga, Mama Shantel akiongoza. Macho yote yakafumbwa. Katikati ya sala pampu ikanyamaza. Nilifurahi! Nikadhani imezoea. Kulikuwa mchana, nani angejua stima imepotea?

Mama Shantel alikuwa akiomba tumiminiwe baraka. Ghafla sauti yake ikapanda. Anahisi! Anahisi kwenye nyayo! Mwenzake akaitikia haleluya, hata yeye anahisi, na ni baridi! Senje Awinja ndiye aliyefumbua jicho. Beseni lilikuwa limefurika na kulowesha zulia zima, na ndala moja mlangoni ilikuwa imeanza safari.

Hapo Mitchel, mdogo wangu, akapiga kelele: "Shantel anakufa! Amelala ubavu!"

Mama Shantel alilia uwiii, akamgeukia binti yake. Binti yake alikuwa mzima kabisa, akinitazama mimi. Mitchel akanyoosha kidole kwenye tangi lililokauka, akaeleza. Akaeleza yote. Hata salamu za asubuhi. Kumbe ukuta wetu ni mbao tu.

Senje alikuwa tayari na kisu. Lakini Mama aliona aibu. Kwetu mgeni hupewa kitu cha kwenda nacho, seuze mgeni uliyemlowesha soksi, na kuku tulikuwa tumemla. Samaki akatiwa kwenye ndoo, Mama Shantel akakabidhiwa. Nilitaka kukataa. Nikasema, "Amina."

Jumatatu, 11 Agosti

Eugene amepita kunipa pole. Akasema ameonja yule samaki. Mtamu. Nikaenda kusimama nyuma ya jiko na kitabu, nimekishika juu chini.

Jioni Shantel akabisha. Mwenyewe! Akasema Eugene ni mwongo. Samaki yu hai, anaishi kwenye sufuria kubwa ya sherehe, lakini sufuria inatakiwa Alhamisi kwa harusi. Asipopata makao, mama yake atamkaanga. Akauliza kama naweza kuuhamishia mfumo wangu kwao. Akasema pia kwamba jina si baya.

Nilimjibu sentensi nzima! Akauliza, na stima je? Nikamwambia aniachie mimi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelitafakari sana janga la Jumamosi na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa Mitchel.

Nilifunga tangi, beseni na pampu kwenye bodaboda, nikaenda kwa kina Shantel peke yangu. Sebule yao ina mazulia mawili. Shantel alishika bomba, mimi nikapaka gundi. Akanikumbusha tundu, naye amekisoma kile kitabu. Nikaiwazia ile sauti, mimi na yeye tumekaa kimya tukiisikiliza. Nikamwambia matundu ni mambo ya zamani. Nikalizamisha bomba hadi chini kabisa, nikamwingiza samaki taratibu kwa mikono miwili.

Stima ilikuwepo. Nikachomeka.