Frizian wa Mahari

Jumatatu, 3 Juni
Mzee Dismasi wa Simbo amekubali posa yangu kwa Frida. Mahari ni ng'ombe jike mmoja, ila atembee kwa miguu yake kutoka kwangu Katubuka mpaka kwake, watu wa njiani wamwone. Ukoo wao ndivyo unavyotaka. Ng'ombe ninaye: zebu, nundu mgongoni, pembe fupi kama vidole. Tatizo ni Alphonce, anayemuoa mdogo wake Frida. Yeye kapeleka Ankole, wale wa pembe ndefu wa Burundi na Uganda. Simbo nzima bado inamzungumzia. Mimi nipeleke vidole?

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma kwenye simu mpaka chaji imekata. Ankole ana pembe ila maziwa kidogo. Zebu asili yake Asia, anavumilia jua, kupe na njaa. Hiyo nayo ni sifa? Hata mimi navumilia. Lakini Frizian! Katoka Uholanzi, hana nundu, madoa meusi na meupe, maziwa ndoo kwa ndoo. Alphonce atakoma.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda Ujiji kwa Zubery, anayefuga ng'ombe wa maziwa. Nikamwomba tubadilishane, zebu wangu kwa Frizian wake. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Nikamwonea huruma, biashara haijui. Frida kaniambia baba yake hakuomba Mzungu, kaomba ng'ombe. Nimemwambia atulie.

Jumamosi, 8 Juni
Tuliondoka asubuhi na rafiki yangu Bariki. Frizian alikwenda vizuri mpaka jua lilipokuwa kali. Akaanza kuhema, ulimi nje. Akamaliza ndoo mbili za maji za mama mmoja aliyekuwa akifua, kisha akalala katikati ya barabara. Bariki akasema huyu kazoea kuletewa majani bandani, safari hazijui. Nilimsukuma. Nilimbembeleza. Nilimwita mama. Wapi. Malori yakasimama. Ndipo akapita Alphonce na pikipiki. Alishuka, akampa ng'ombe pole. Mimi hakunipa.

Tukakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukampakia. Tulifika Simbo alasiri. Wanawake waliongoja kutuimbia walikuwa wameshachoka, wanachambua mchicha. Mzee Dismasi alilizunguka gari, akasema anayebebwa kwa gari ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali, hapelekwi ukweni. Frida hakutoka ndani.

Jumapili, 9 Juni
Frida kapiga simu, analia kwa hasira. Baba yake atampokea zebu yule yule, pembe zozote, mradi atembee. Mwisho ni Jumamosi ijayo. Nikiharibu tena, posa imevunjika. Nampenda Frida. Ugali umenishinda leo.

Jumatatu, 10 Juni
Zubery kamchukua Frizian wake, kanirudishia zebu. Kasema alijua nitarudi, ndiyo maana alikubali upesi. Zebu katembea kutoka Ujiji hadi uani kwangu bila hata kuhema. Nimempigia Frida, kacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mambo yamekaa sawa.

Jumanne, 11 Juni
Nilipita duka la vifaa vya ujenzi, nikaona mabomba ya plastiki ya kahawia. Fundi kasema yakipashwa moto yanapinda unavyotaka. Nimerudi nyumbani nikampima zebu kichwa. Mita moja kila upande itampita Ankole wa Alphonce. Bomba nimeshanunua. Frida nitamweleza tukishafika.