Difu Mbili na Mkebe wa Rangi

Khisa alimwona Mama Chelimo kabla hajaiona pikapu yake. Ilikuwa imekwama katikati ya mlima wa kuingia Eldoret, trela nyuma, fahali ndani ya trela, injini ikilia kumshinda fahali. Mtu mwingine angesukuma. Khisa alifunga vifungo vya ovaroli yake, ambayo aliivaa kwa sababu za heshima tu, akasogea dirishani.

"Mama, injini yako ni nzima. Shida ni difu."

Kwa bahati mbaya, hilo lilikuwa kweli. Akamweleza kwamba difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu, ni za aina mbili: kuna difu ya mbio, inayoteleza barabarani na kunywa mafuta kidogo lakini ikifungwa mzigo inapiga magoti, na kuna difu ya nguvu, inayovuta chochote ila kwenye barabara ndefu injini hupiga kelele na tangi hukauka.

Mama Chelimo, mwalimu mstaafu na mkulima wa Sugoi, alisema yeye huvuta trela mara chache kwa mwaka. Lakini siku nyingine pikapu haiendi mbali na shamba, kwa hiyo mbio hazimsaidii. Tena kakake Kigen, anayekaa Kapsoya, alikuwa na pikapu pacha wa hiyo yenye ugonjwa wa kinyume: nguvu kama trekta, na yeye huenda Kitale kila siku bila mzigo.

Mate yalimjaa Khisa. Akasema anazo difu mbili mpya, moja kwa kila mmoja. Wakapatana elfu themanini, malipo baada ya kupima.

Kipimo ni rahisi. Unainua magurudumu ya nyuma, unayazungusha mara moja, unahesabu shafti ya chini, ile ndefu inayotoka mbele kwenye injini, imezunguka mara ngapi: mizunguko mingi ni nguvu, michache ni mbio. Ya Mama ilizunguka tatu na nusu, ya Kigen nne na nusu. Khisa hakuogopa kipimo, maana alitarajia mhesabu awe yeye.

Ijumaa, kwenye uwanja wa kuazima, alizifungua difu zote mbili kwa jasho lake, maana utapeli nao ni kazi. Akazibeba hadi nyuma ya mabati, akaziosha kwa dizeli, akazilaza ya Mama kulia, ya Kigen kushoto. Mpango ulikuwa azipake rangi, kisha airudishe kila moja ilikotoka kama mpya. Rangi nyekundu alikuwa ameiona kwenye mkebe nyuma ya pikapu ya Mama. Kununua nyingine kungekuwa kujiibia.

Mama akamtuma hotelini akale ugali na matumbo kwa gharama yake. Khisa alikula polepole. Hakujua kwamba wakati huo ndugu wawili, ambao hawakuwa wameona difu mpya yoyote, walikuwa nyuma ya mabati, wakihamisha difu ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zilifanana kama mayai. Alirudi ameshiba, akapaka, akafunga.

Kumbe Mama alitaka kuhesabu mwenyewe, na chaki ya kutia alama kwenye shafti alikuja nayo. Khisa akaanza kuangalia geti liko wapi. Lakini shafti ya Mama ilizunguka nne na nusu. Ya Kigen, tatu na nusu.

Khisa akakaa juu ya tairi. Aliomba kurudia, akahesabu mara tatu. Rangi moja ilikuwa imempa huyu nguvu na yule mbio. Ilijua kila mtu anataka nini.

"Mama," akauliza kwa sauti ya kanisani, "huu mkebe uliutoa wapi?"

"Hiyo ni rangi ya geti, kijana wangu. Ilibaki."

Khisa akatabasamu. Yeye, wa kudanganywa kirahisi hivyo? Kadiri Mama alivyorudia kwamba ni ya geti, ndivyo alivyozidi kuona ni mali ya kufichwa. Mwishowe akasema Mama abaki na elfu themanini zake, yeye aachiwe mkebe. Mama akasita, akamwonya kwamba nusu imeisha. Khisa akasema itatosha.

Njiani Kigen alimuuliza dadake kama hawajatenda dhambi.

"Nimemwambia mara tano ni ya geti," alijibu Mama Chelimo.

Jumatatu Khisa alimsimamisha mwenye lori kule Soy, akamweleza maajabu ya rangi ile kwa moyo mweupe, macho yakimlengalenga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuuza kitu anachokiamini. Mwenye lori alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka, akapandisha kioo.