Ombi la Kumhamishia Ganesh Ofisini Kwako

Rojina Suwal,
Mtaa wa Kwathala.

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Majengo ya Kale,

Shikamoo. Natumaini wewe na watumishi wako hamjambo, na jengo lenu halijapata hata ufa. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Nhuja, wa miezi kumi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo maneno nikikosea nivumilie. Mambo yenyewe sijakosea.

Tetemeko lilipoangusha hekalu la Ganesh la mtaani kwetu, lililosimama miaka mia nne, mama mkwe wangu Astamaya alimchimbua mungu wetu huyo mwenye kichwa cha tembo kwa mikono yake, akambeba mgongoni hadi nyumbani. Watu wa ofisi yako wakamwambia, "Mama, kaa naye kidogo tu, wiki mbili." Huu ni mwaka wa tisa. Mimi nilipoolewa niliambiwa nyumba ina mkwe na mbuzi. Mungu nilimkuta.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yetu ya mabati ina vyumba viwili. Kimoja kinavuja, kimoja hakivuji. Kisichovuja anakaa yeye. Yeye ni wa jiwe. Mwanangu si wa jiwe, na anakohoa tangu mvua zianze.

2. Unajua kwetu hakuna shughuli inayoanza kabla ya kupita kwa Ganesh kwanza: harusi, mtoto kulishwa wali wa kwanza, hata mtu kununua pikipiki. Zamani walipita hekaluni. Sasa wanapita jikoni kwangu. Mwezi uliopita nilipokea maharusi kumi na mmoja na tarumbeta zao, na pikipiki moja iliyosukumwa mpaka mafigani ili ipakwe unga mwekundu wa baraka. Mpiga ngoma akaniambia, "Shemeji, sogeza sufuria, unamzibia mungu njia." Sufuria ilikuwa na uji wa mtoto.

3. Mkaguzi wako alikuja. Nilifurahi, nikamkaangia bara, zile chapati zetu ndogo za dengu, akala sita. Nikampeleka hekaluni. Akaona majani, akaona na mbuzi wetu amefungwa kwenye nguzo ya kuchongwa yenye namba 47 mliyoiandika ili hekalu lijengwe upya, akasema, "Hapa hamna mungu, ni matofali tu." Akarudi kwangu akapigilia kibao mlangoni: JENGO LA KALE, MARUFUKU KUBADILISHA CHOCHOTE. Nikamweleza kwamba mabati haya yaliletwa na lori baada ya tetemeko. Akanijibu, "Dada, mungu anapokaa ndipo hekalu. Mimi sikutunga kanuni." Mume wangu Bikal alipopanda paani na lami kuziba tundu linalovuja, jirani alimpigia kelele dirishani, "Wee Bikal, unaharibu urithi wa taifa," huku anacheka mpaka anashika mbavu.

4. Hilo tundu sasa watalii wanalipiga picha.

Basi, kwa kuwa mungu anapokaa ndipo hekalu, naomba Ganesh akae ofisini kwako, juu ya meza yako. Nimeiona, ni kavu. Maharusi watamfuata hukohuko na tarumbeta. Mkaguzi atapigilia kibao chake, nawe hutabadilisha hata balbu. Naamini hekalu litasimama kabla mwezi haujaisha. Matofali yapo, mbao zipo, na namba zilizofutwa na mvua Bikal anazijua, maana yeye ni fundi wa kuchonga. Kilichokosekana miaka yote hii ni mkubwa mmoja wa kusumbuliwa. Gari lije Jumamosi.

Wasalimie wote hapo ofisini. Mkaguzi mwambie dengu bado zipo. Mama mkwe naye anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini.

Mimi raia wako mtiifu,
Rojina Suwal

N.B. Barua hii ilikaa siku mbili ikingoja mtu wa kuileta. Jana mvua ilinyesha kutwa, nikamhamishia Nhuja chumba cha mungu, na kikohozi kimetulia. Asubuhi nimemkuta amesimama, mara yake ya kwanza, kashika mkonga wa Ganesh kwa mikono miwili. Nimekaa hapa mlangoni namtazama. Hekalu jengeni, ila msikimbie. Na gari lisije Jumamosi. Nhuja ameachia mkono mmoja tu.