Silinda Hedi ya Mzee Maganga

Jumatatu, 4 Julai 1994

Pikapu ya Mzee Maganga inauzwa! Nimeisikia kwa kinyozi, nikatoka mbio na kichwa kilichonyolewa nusu. Siku hizi kila mtu ananunua mahindi, serikali imeruhusu, lakini mnunuzi asiye na gari ni mtazamaji tu. Magunia yangu yamelala Laela tangu mavuno. Wadudu dumuzi wanayala bila hata kunawa.

Mzee anakaa njia ya Mollo. Msukuma mtulivu, ng'ombe wengi, maneno machache. Nikampa shikamoo, nikamuuliza gari lina ubaya gani. Akasema taa moja haiwaki, na mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Basi? Basi. Nikashtuka. Anayekiri vidogo anaficha kikubwa.

Chini ya injini nikaona maji. Rejeta inavuja! Nikachovya kidole, nikaonja. Mzee akaningoja nimalize, ndipo akanieleza kwamba ndama alikuwa amefungwa pale.

Jumanne, 5 Julai

Balaa. Wilibrodi naye analitaka. Duka lake la nafaka linatazamana na langu hapa Mazwi, mjini Sumbawanga. Nikitundika kibao, kesho yake anatundika kikubwa zaidi.

Mke wangu Bertilla amesema kama nimelipenda nilinunue leo leo, fedha ipo. Ni fedha ya ulezi aliouvuna na ya fahali wawili alioachiwa na baba yake, kwa hiyo siku hizi anaongea kama mkurugenzi. Biashara haijui. Ukionyesha haraka, bei inapanda.

Nimerudi kwa kinyozi kumalizia kichwa. Nikamnong'oneza kwamba pikapu ya Maganga silinda hedi imepasuka, inakunywa maji kama mgonjwa wa homa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Safi! Kinyozi akiapa, mji mzima umesikia. Wilibrodi atakimbia, bei itaanguka, nami nitaokota.

Jumatano, 6 Julai

Alfajiri kwa mzee, mimi na Fundi Amos. Nimewahi makusudi. Wauza magari huwasha injini mapema ipate moto, ukija unadanganyika. Boneti nimeipapasa mwenyewe: baridi kama jiwe la mtoni. Kulikuwa na baridi kali, hata masikio yangu sikuyasikia.

Injini ikawaka mara moja. Gari la umri ule, mara moja! Halafu nyuma ukatoka moshi mweupe. Nikamvuta Amos pembeni nikamwambia ule ni maji yanayoungua, hedi kweli imepasuka.

Amos akanitazama. "Polikarp, hata wewe mdomoni unatoa moshi mweupe. Umepasuka?"

Akangoja injini ipate moto. Moshi ukaisha. Rejeta haikutoa mapovu, oili safi, haikuwa na rangi ya maziwa. Akasema gari zima, ninunue. Nikamuuliza polepole mzee amempa nini. Amenuna! Amerudi mjini kwa miguu, hakutaka hata lifti ya mzee.

Sinunui bado. Bei haijaanguka.

Ijumaa, 8 Julai

Nimekwenda Laela kukagua magunia. Dominika, mama anayenitunzia stoo karibu na kituo cha basi, amenipokea kwa pole. Amesikia nilitaka kununua ile pikapu ya Sumbawanga, ile iliyopasuka hedi. Kasikia wapi? Kwa kondakta. Kondakta kasikia kwa dereva wa lori aliyelikuta gari hilo limechemka mlimani, mzee kainama analipepea kwa kofia.

Nikataka kucheka. Uongo wangu umefika Laela kabla yangu!

Ndipo abiria mmoja akadakia, mdomo umejaa hindi la kuchoma, kwamba ufa wenyewe umezibwa kwa sabuni.

Sabuni? Mimi sikusema sabuni! Wala sikusema mlima. Basi kuna watu wameona kwa macho yao. Uongo wangu ulikuwa mtoto yatima. Huu una mashahidi watatu. Na ule moshi je? Amos, Amos! Nilijua tu. Nikapanda basi la kurudi. Nimemshukuru Mungu kwa kuniokoa.

Jumamosi, 9 Julai

Mzee Maganga amekuja dukani mwenyewe. Ameshusha bei hadi nikakaa chini. Amesema amechoka na maneno ya watu, kila mnunuzi anafika kwake akinusa tu na kuondoka. Amekuja kwangu kwanza kwa kuwa nami nilikuwa wa kwanza kumwendea.

Bertilla, nyuma ya magunia, alinikodolea macho mpaka nikaogopa yatadondoka. Lakini mimi si mtoto. Mtu anashushaje bei ya gari zima?

"Mzee," nikamwambia, "mimi sinunui mgonjwa."

Akavaa kofia yake taratibu. "Haya, mwanangu. Sijui nani ananichukia hivi."

Nikasema hata mimi sijui. Moyo uliniuma kidogo. Kidogo tu. Anayeficha ufa kwa sabuni hastahili zaidi.

Jumatatu, 11 Julai

Wilibrodi amelinunua! Kwa bei ile ile niliyoikataa. Nikavuka barabara kumpa pole ya silinda hedi. Akacheka mpaka akashika nguzo. Amesema alipoambiwa habari ile akauliza imeanzia wapi, akajibiwa kwa Polikarp.

"Nikajua hapo hapo," akasema. "Wewe ukisema kitu ni kibovu, ujue unakitaka."

Kisha alimwita Amos akague gari, siku moja tu, kwisha.

Nyumbani, msiba wa pili. Bertilla amekodi pikapu hiyo hiyo ikachukue magunia yetu Laela. Amepanda mbele, kajifunga kitenge kipya. Wamerudi jioni, injini inaimba kama kwaya, na robo ya mahindi imekuwa unga wa dumuzi. Fedha ya ulezi ameihamishia kwa dada yake. Hakupiga kelele. Amesema tu, "Baba Jenifer, ugali upo mezani," akaenda kulala.

Jumatano, 13 Julai

Nimekaa nimetafakari. Kosa langu nimeliona. Nilichagua mdomo mbaya, wa kinyozi. Wanaume wanatia chumvi, ndiyo maana habari ikaharibika njiani.

Leo nimesikia Sayi anauza mashine yake ya kusaga. Mashine nzuri, haina miaka mitatu. Bertilla akipoa nitazungumza naye. Kwa sasa, baada ya misa ya asubuhi, nimemsogelea Evodia, mama wa heshima katika jumuiya ya kanisa, nikamwambia kwa siri kabisa kwamba shafti ya ile mashine imepinda.

Evodia akashika mdomo. Akasema, "Yesu wangu, kumbe!"

Ameshtuka upesi mno. Huenda kuna kitu anakijua.